Ua la shaba na mchicha wa mama

Binadamu akiona hatari inakuja, hufunga mzigo akaondoka. Sisi tuliozaliwa ukimbizini hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. Mmea hauna njia hiyo. Mbegu ilipoangukia ndipo mmea utakapoishi au utakapofia. Moshi ukija, majani yataupokea. Sumu ikiingia ardhini, mizizi itakutana nayo. Ndiyo maana wanasayansi wa mimea wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi: kiumbe kisichoweza kukimbia hufanya nini kinapovamiwa?

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Rumonge, na swali hilo nilikuwa nikilisoma vitabuni tu na kuwaandikia wanafunzi ubaoni. Lilinigusa mwenyewe mwaka 2019, nilipomsindikiza shemeji yangu, mfanyabiashara wa dagaa, hadi Lubumbashi kupitia Kigoma, Tunduma na mpaka wa Kasumbalesa. Wasomaji wanaopita njia hiyo wanaijua: siku nyingi za barabara, foleni ndefu za malori yaliyobeba shaba na kobalti kuelekea bandarini, na vumbi linaloingia mpaka ndani ya chakula.

Shemeji alikuwa na madeni ya kudai. Mimi nikabaki nikizunguka sokoni. Mama mmoja alikuwa amepanga mafungu ya mchicha, ambao kule huitwa lengalenga kama tunavyouita huku kwetu Burundi. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kibichi, yanang'aa kwa maji aliyoyanyunyizia.

"Papa, hii lengalenga ni ya leo. Chukua," aliniambia.

"Mama, mnailima wapi?"

"Kule tu, karibu na mto. Maji yapo mwaka mzima."

Nilinunua mafungu mawili. Jioni tulikula kwa ugali, ambao wenyeji huuita bukari, na ilikuwa tamu. Kesho yake mwenyeji wetu, mwalimu mwenzangu, alinipeleka kuuona mji wake. Tulipofika upande wa kile kiwanda kikubwa cha kuyeyusha shaba, chenye bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki, nikauona na mto unapita pale pale. Kandokando yake kulikuwa na matuta ya mboga. Nikakumbuka yale mafungu mawili.

VILIMA VISIVYO NA MITI

Mwenyeji wangu hakunionyesha mboga. Alinionyesha ua. Ni mmea mdogo wa jamii ya rehani, una maua ya zambarau, na ulikuwa umeota kwenye udongo mtupu ambao mahindi yasingethubutu. Jina lake la kitaalamu ni Haumaniastrum katangense, na kwa Kifaransa huitwa kwa jina lenye maana ya "ua la shaba".

Ili kulielewa ua hilo ni lazima kuielewa Katanga yenyewe. Kuanzia Kolwezi, kupitia Likasi hadi maeneo ya Lubumbashi, kuna vilima vingi vyenye madini ya shaba na kobalti. Eneo lote limezungukwa na misitu ya miombo, lakini juu ya vilima hivyo miti hukoma ghafla na kubaki nyasi na maua. Mtu asiyejua atadhani watu wamekata miti kwa ajili ya makaa. La hasha. Udongo wenyewe ndio unaoikataa miti, kwa sababu una shaba nyingi kuliko mizizi yake inavyoweza kuvumilia. Watafuta madini wa zamani walijua siri hiyo. Walipoona kilima chenye upara katikati ya msitu, walikwenda kuchimba.

Mwanasayansi aliyeifanya elimu hiyo ijulikane duniani ni Mbelgiji Paul Duvigneaud, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 1991. Mwaka 1958 alichapisha utafiti wake juu ya mimea ya Katanga na udongo wenye metali, na mwaka 1963, akiwa na Simone Denaeyer-De Smet, akachapisha utafiti mwingine juu ya shaba na mimea ya Katanga. Walionyesha kwamba kila kiwango cha shaba kina mimea yake. Ukishuka kutoka kileleni kwenda bondeni, mimea hubadilika kwa mistari, na mstari mmoja hauchanganyiki ovyo na mwingine. Mmea mmoja wa jamii ya marejea ulipewa jina la Crotalaria cobalticola, maana yake mkaaji wa kobalti.

Baada yake alikuja François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi na kuorodhesha mamia ya spishi za vilima hivyo. Baadhi yake, makumi kadhaa, haziko mahali pengine popote duniani. Zilizaliwa kwenye sumu na haziijui ardhi nyingine.

Jambo litakalowafurahisha wafanyabiashara ni hili: mwaka 1982, Malaisse na wenzake waliandika jinsi ua la shaba linavyowasaidia hata wachunguzi wa mambo ya kale. Wazee wa Katanga waliyeyusha shaba karne nyingi kabla ya mkoloni kufika. Waliitengeneza kwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika kama fedha katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati. Tanuru zao zimekwisha kubomoka na kufunikwa na udongo, lakini shaba iliyomwagika imebaki ardhini, na ua linaota pale pale. Mfanyabiashara amekufa, fedha yake imepotea, ila mmea bado unaonyesha mahali alipokuwa na kiwanda.

MOSHI WA TANGU 1911

Sumu ya vilima ni ya Mungu. Ile ya mjini ni ya watu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 kiwanda cha Lubumbashi kikaanza kutoa shaba. Mwaka 1967 mali za kampuni hiyo zilitaifishwa na serikali ya Kongo. Kwa miongo mingi moshi wa kiwanda ulibeba gesi ya salfa dioksidi pamoja na chembechembe za shaba, kobalti, risasi, zinki na kadimi. Upepo wa kule huvuma zaidi kutoka kusini mashariki, kwa hiyo mzigo wote uliangukia upande wa kaskazini magharibi. Ukitazama ramani za wataalamu, eneo lililochafuliwa lina umbo la ulimi unaoanzia kwenye bomba.

Katika ulimi huo miombo ilikufa. Salfa dioksidi huingia kwenye jani kupitia matundu yale yale linayotumia kupumua. Ndani ya jani hukutana na maji na kugeuka asidi, na jani hubabuka katikati ya mishipa yake. Mmea ukihisi shida hutuma homoni ya kufunga matundu, kama mtu anavyofunga dirisha moshi unapoingia. Lakini dirisha likifungwa, hewa ambayo mmea unaihitaji ili kutengeneza chakula nayo haiingii. Mmea unajikinga na moshi huku njaa ikiuuma. Mvua nayo huibeba asidi hadi ardhini, na udongo ukiwa na asidi nyingi, metali huyeyuka kwa urahisi na kuifikia mizizi.

MMEA UNAVYOJITETEA

Wanafunzi wangu huniuliza: kama shaba ni sumu, mbona mwalimu ulituambia mmea unaihitaji? Vyote viwili ni kweli. Mmea wa kawaida huwa na miligramu chache tu za shaba, tuseme kati ya 5 na 20, katika kila kilo ya majani makavu, na bila hizo hauwezi kuishi. Zikizidi sana, mizizi huacha kurefuka na kuwa vibutu vya kahawia. Majani huwa ya manjano kwa sababu shaba huvuruga upatikanaji wa madini ya chuma. Ndani ya seli hutokea kemikali kali zinazounguza utando, kama kutu inavyokula bati.

Mimea inayostahimili hutumia njia kadhaa. Ya kwanza ni kuizuia metali mlangoni. Mizizi hutoa asidi laini, kama ile ya limau, ambayo huikamata metali ikiwa bado nje, au huifunga kwenye kuta za seli isiingie ndani zaidi. Ya pili ni kuifunga pingu ikishaingia. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Ujerumani, Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk, walitangaza kugundua kemikali ambazo mmea hujitengenezea mara tu metali inapoingia. Huitwa fitokelatini, na kazi yake ni kuing'ang'ania metali isidhuru. Ya tatu ni ghala: metali iliyofungwa hupelekwa kwenye vakuoli, kile chumba kikubwa ndani ya seli, ikafungiwa humo.

Mimea michache imekwenda mbali zaidi. Badala ya kuikataa metali, huivuta na kuirundika kwenye majani. Tuite mimea limbikizi. Mwaka 1977 Robert Brooks wa New Zealand aliandika kwamba ndugu mmoja wa ua la shaba, Haumaniastrum robertii, alikutwa na zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kilo moja ya majani makavu. Kwa mmea mwingine wowote hicho ni kifo.

Uvumilivu huo una gharama. Ua la shaba likipandwa kwenye udongo mzuri halistawi kama unavyodhani. Maelezo mojawapo ya wanasayansi ni kwamba katika udongo wenye shaba, kuvu wanaoshambulia mizizi ni wachache, kwa sababu shaba huwaua. Wakulima wa kahawa na nyanya wanaonyunyizia dawa ya shaba wataelewa. Ukilihamishia ua hilo kwenye ardhi safi, unaliondoa kwenye sumu na kulipeleka kwa adui ambaye halijawahi kupigana naye. Niliposoma hayo niliwaza mwaka tuliporudi nyumbani kutoka kambini, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

MAJANI YALIPOOSHWA

Sasa tunafika kwenye utafiti ulionifanya niandike makala haya. Katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuna mtaalamu wa kilimo, Mylor Ngoy Shutcha, ambaye pamoja na wenzake wa Kongo na Ubelgiji amefanya kazi kubwa juu ya mimea ya ardhi zilizochafuliwa. Mwaka 2007 yeye, Michel-Pierre Faucon na Pierre Meerts walichapisha utafiti uliokuwa na swali rahisi sana. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vimesema mimea mingi ya Katanga inarundika shaba kwa wingi wa kutisha. Watafiti hawa wakauliza: je, hiyo shaba iko ndani ya jani au juu ya jani?

Walichukua mimea iliyotajwa katika vitabu hivyo, wakapima majani yaliyooshwa vizuri na yasiyooshwa. Tofauti ilionekana. Sehemu ya shaba iliyokuwa ikihesabiwa kuwa ya mmea ilikuwa vumbi lililonata juu ya majani. Mimea kadhaa iliyokuwa na sifa kubwa haikufikia tena kiwango cha kuitwa limbikizi. Tangu hapo kila mtafiti wa fani hii analazimika kueleza ameoshaje majani yake kabla hajaaminiwa.

Fikiria, ndugu msomaji. Maprofesa wa mabara mawili walibishana kwa miaka kuhusu jambo ambalo kila mama wa nyumbani angelijua: osha mboga kwanza. Lakini usicheke haraka. Utafiti ule unatuambia mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, katika sehemu zenye migodi, viwanda na barabara za vumbi, sehemu ya sumu huwa juu ya jani, na maji safi huiondoa. Pili, ile iliyobaki baada ya kuosha imo ndani ya jani lenyewe. Hiyo huitoi kwa maji wala kwa kuchemsha. Metali haiozi na haiungui.

NYASI BADALA YA JANGWA

Kazi nyingine ya Shutcha inahusu ule ulimi wa ardhi tupu. Kuondoa udongo wote wenye sumu na kuleta mwingine ni gharama isiyobebeka. Yeye na wenzake wakaamua kujaribu njia ya kuituliza sumu pale pale ilipo. Katika mtaa wa Penga-Penga, Lubumbashi, walipanda nyasi kwenye udongo uliochafuliwa, baadhi kwa kuongeza chokaa na mbolea ya mboji. Chokaa hupunguza asidi, na mboji huikamata metali, kwa hiyo inayobaki huru kuingia kwenye mizizi hupungua.

Hawakuagiza mbegu Ulaya. Walikwenda kwenye vile vilima vya shaba, kwa mimea iliyokwisha kuzoea, wakachukua nyasi za kienyeji kama Microchloa altera, ambazo vitabu vingine huziita Rendlia altera. Matokeo yao, waliyoyachapisha kuanzia mwaka 2010, yalionyesha kwamba nyasi hizo zinastahimili, zinafunika ardhi, na hazipandishi shaba nyingi kwenye majani. Hiyo sifa ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kwenye ardhi ya namna hiyo hutaki mmea unaovuta sumu kuipeleka juu, kwani mbuzi atakuja kuula. Unataka mmea unaoiacha chini, ukizuia vumbi lisipeperuke na mvua isiupeleke udongo mtoni.

Kuna uchungu katika habari hii. Vilima vilivyotoa nyasi hizo ndivyo vinavyochimbwa leo kwa ajili ya kobalti ya betri za simu na magari ya umeme. Mmea usioota mahali pengine, kilima chake kikiondolewa, umekwisha, na dawa ya ardhi iliyoharibiwa inapotea pamoja nao.

SUMU HAIISHII KWENYE MMEA

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maua. Mwaka 2009 daktari Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo hicho hicho na wenzake walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita tatu kutoka kwenye migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno kuliko walioishi mbali, na watoto walikuwa na hali mbaya zaidi. Utafiti uliofuata ulitafuta njia zinazoiingiza kobalti mwilini. Kwa watu wazima chakula kilikuwa njia kubwa, zikiwamo mboga zinazolimwa hapo hapo. Kwa watoto liliongezeka vumbi, maana mtoto hucheza chini na mkono wake uko mdomoni. Na mwaka 2013 watafiti wa Lubumbashi waliopima mboga za majani zinazouzwa katika masoko ya mji huo walikuta baadhi zimezidi viwango vinavyokubalika.

Hapo ndipo nilipoukumbuka tena mchicha wa yule mama. Hakuwa akinidanganya. Mchicha wake ulikuwa wa leo na ulikuwa mzuri. Yeye mwenyewe aliula, na wanawe waliula.

BUSTANI YA MAMA

Tulirudi Burundi mwaka 2009. Mama alikuwa ameondoka mwaka 1972 akiwa msichana, na aliporudi alikuwa bibi mwenye wajukuu. Kila aliyerejea anajua habari ya mashamba: ukifika unakuta mtu amejenga, naye ana watoto, na wote wawili mna haki mnayoisema. Baada ya kuzungushwa sana tulipata kipande kidogo ambacho hakuna aliyekigombea. Sababu ya kutogombewa tuliijua baadaye. Palikuwa na gereji pale kwa miaka mingi. Betri za malori zilipasuliwa pale, maji yake ya asidi yakamwagwa pale, na oili chafu vilevile.

Mama hakujali. Alisema ardhi ni ardhi. Upande mmoja haukuota kitu, akauacha. Upande wa pili mchicha ulikubali, tena ukanawiri, na akina mama wachuuzi wakawa wanaufuata alfajiri. Kwa miaka kumi ulimnunulia sabuni na chumvi, ukawanunulia wajukuu madaftari.

Nilipotoka Lubumbashi nilikaa wiki nzima bila kusema. Siku niliyosema, alikuwa anafunga mafungu.

"Mama, mchicha huu usiuuze tena. Tusiule."

"Una mdudu?"

"Hauna. Ardhi yake ndiyo ina risasi ya zile betri."

Aliutazama mchicha, akanitazama mimi. "Ungekuwa na sumu si ungekufa? Tulifukuzwa nchi, mwanangu. Sasa tufukuzwe na mchicha?"

Swali lake la kwanza ndilo swali la makala haya yote. Watu wengi hudhani mmea uliochafuka hunyauka, kwa hiyo uliostawi ni salama. Mimea ya Katanga inafundisha kinyume. Mmea unaweza kuifungia metali kwenye ghala la jani, ukanawiri kwa macho, na ghala hilo likavunjwa tumboni mwa anayekula. Mmea unajiokoa wenyewe, haumwokoi mlaji.

MAKOPO TISA

Mama haamini maneno, anaamini macho. Kwa hiyo nilifanya naye jaribio tulilolifanya pia na wanafunzi darasani. Tulichukua makopo tisa ya maziwa tukayatoboa chini. Matatu tukayajaza udongo wa pale palipokataa kuota, matatu udongo huo huo uliochanganywa na samadi iliyoiva na majivu ya jikoni, ambayo hupunguza asidi karibu kama chokaa, na matatu udongo wa mlimani. Tukapanda maharage.

Baada ya wiki tatu tuliyang'oa na kuosha mizizi. Ya udongo wa gereji ilikuwa mifupi, minene, ya kahawia. Ya udongo wa mlimani ilikuwa meupe na marefu kama nyuzi. Ile ya samadi na majivu ilikuwa katikati. Mama aliishika mizizi ile mifupi kwa muda mrefu. Kisha tukarudia kwa mchicha, na hapo ndipo palipokuwa na somo: majani ya makopo yote yalikaribiana. Jicho halikuweza kuchagua.

Jaribio la makopo halipimi risasi, na niliwaambia wanafunzi hivyo. Kupima risasi ni kazi ya maabara. Lakini linaonyesha kwamba mzizi unasema ukweli ambao jani linaweza kuuficha.

Madhara ya risasi, hasa kwa ubongo wa watoto, yanajulikana vizuri. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Betri chakavu hupita mipakani kwetu kila wiki juu ya baiskeli na pikipiki. Anayezibeba ajue anachobeba, na asizipasulie uani.

LA KUFANYA

Kwa wenzangu tuliorejea, na kwa wanaonunua mboga upande mmoja na kuuza upande wa pili, nimejifunza haya.

Uliza historia ya ardhi kabla ya kulima. Wazee wa mtaa hukumbuka palipokuwa na gereji, kiwanda, jalala au kituo cha mafuta. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, lakini risasi iliyokwisha kuanguka kandokando ya barabara kuu ingali ardhini.

Mahali penye shaka usipande mboga za majani wala za mizizi. Mazao ya matunda na mbegu, kama mahindi, kwa kawaida hubeba metali kidogo kuliko majani. Palipoharibika kabisa, panda nyasi au miti ya kuni, na usichungie mbuzi hapo. Samadi na chokaa husaidia, ila havigeuzi ardhi yenye sumu nyingi kuwa safi.

Osha mboga kwa maji safi zaidi ya mara moja, wala usizianike chini kando ya barabara. Na mtoto anawe mikono kabla ya kula, maana vumbi nalo ni chakula cha sumu.

Nasi Burundi tuna nikeli yetu kule Musongati. Siku uchimbaji wake utakaposhika kasi, tuwaulize wahusika mapema habari ya vumbi, maji na mimea ya pale. Katanga imekwisha kutufanyia jaribio la zaidi ya miaka 100, si lazima turudie.

Mama bado yupo palepale. Upande wa gereji sasa umefunikwa na nyasi ndefu asizoruhusu mbuzi wa mtu kuzigusa. Mchicha anaulima kwenye viroba vilivyojazwa udongo wa mlimani na samadi, vimepangwa mbele ya nyumba kama wageni waliokuja kusalimia. Mafungu yamepungua kuwa nusu, na kwa mwaka wa kwanza sabuni ilikuwa ya shida. Wachuuzi walimuuliza kwa nini haungi tena kule kulikostawi vizuri. Aliwaonyesha kopo moja alilolihifadhi dirishani, lenye ule mzizi mfupi wa kahawia uliokauka.